Ajali ya Catalina JX273: Ndege ya Majini Iliyoishia Kilimani

Tarehe 12 Mei 1944, ndege ya majini aina ya Catalina yenye namba JX273 ilikigonga kilima cha Heishival Beag katika kisiwa cha Vatersay, pwani ya magharibi ya Uskoti. Ndani yake walikuwamo watu 9. Watatu walikufa, sita wakanusurika. Ndege hiyo haikutunguliwa na adui. Ilikuwa kwenye safari ya mafunzo kutoka kituo cha Oban, chini ya kikosi namba 302 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kikosi ambacho kazi yake ilikuwa kuwafundisha marubani na wenzao namna ya kuzipeleka ndege mpya katika nchi za mbali.

Kwa hesabu za Vita Kuu ya Pili, vifo vitatu ni tone baharini. Mwezi huohuo majeshi ya Washirika yalikuwa yakijiandaa kuvuka kwenda Normandy, na magazeti ya London hayakuwa na nafasi ya ndege moja iliyopotea visiwani. Hata hivyo ajali ya Vatersay inastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ya ukawaida wake. Ajali za namna hii zilitokea mara nyingi mno katika vita vile, na chanzo chake mara nyingi kilikuwa kilekile: watu hodari, ndani ya ndege nzima, wasiojua kwa uhakika wako wapi.

Vatersay ni kisiwa kidogo kilicho kusini ya kisiwa cha Barra, katika mlolongo wa visiwa vya Hebrides ya Nje. Mlolongo huo unanyooka kwa takriban kilomita 200 kutoka kaskazini hadi kusini, mithili ya ukuta unaoikabili Bahari ya Atlantiki. Kilima kirefu kuliko vyote kisiwani humo, Heishival Mòr, kina mita 190 tu. Mtu wa Kilimanjaro au Rwenzori asingekiita mlima. Ila chombo kinachoruka chini ya mawingu, mita mia moja na kitu juu ya bahari, hakihitaji mlima ili kivunjike.

Bahari ya huko imeshazika wengi. Mnamo Septemba 1853 jahazi la abiria lililoitwa Annie Jane, likiwa limewabeba wahamiaji waliotoka Liverpool kwenda Canada, lilivunjikavunjika katika ufuo wa magharibi wa Vatersay, na watu wapatao 350 wakafa. Februari 1941, miaka mitatu kabla ya ajali ya Catalina, meli ya mizigo Politician ilipanda mwamba karibu na Eriskay, kaskazini ya Barra, ikiwa na shehena kubwa ya wiski. Wenyeji waliiopoa kwa bidii ambayo maofisa wa forodha hawakuifurahia hata kidogo. Kisa hicho kimeingia katika vitabu na filamu. Cha Catalina hakikupata bahati hiyo, labda kwa kuwa hakikuwa na cha kuchekesha.

Catalina yenyewe ilikuwa chombo cha ajabu kidogo kwa macho. Ilibuniwa na kampuni ya Consolidated ya Marekani na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Kiwiliwili chake kilijengwa kama mashua, ili kitue na kuelea juu ya maji bila magurudumu. Bawa lake moja refu, lenye upana wa karibu mita 32 kutoka ncha hadi ncha, lilikaa juu ya nguzo nene iliyosimama mgongoni mwa ndege, na injini mbili zenye nguvu ya farasi 1,200 kila moja zilipachikwa humo ili zisirushiwe maji ya chumvi. Ndani ya nguzo ile alikaa fundi wa injini, peke yake, akizikodolea macho saa za mafuta na joto. Nyuma, ubavuni, kulikuwa na madirisha mawili makubwa yaliyotokeza nje kama mapovu, ambamo walinzi waliitazama bahari kwa saa nyingi. Kwenye ncha za bawa kulikuwa na vyelezo vilivyoteremshwa wakati wa kutua na kukunjwa juu wakati wa kuruka.

Haikuwa ndege ya mbio. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 200 kwa saa, polepole kuliko magari mengi ya mashindano ya leo. Sifa yake ilikuwa uvumilivu: iliweza kukaa angani zaidi ya saa 20 na kwenda umbali wa kilomita 4,000 bila kutua. Ilikuwa na vitanda vya kupokezana na jiko dogo la kupashia chakula. Kati ya mwaka 1943 na 1945, shirika la Qantas la Australia lilizitumia Catalina kuvuka Bahari ya Hindi kutoka Perth hadi Ceylon bila kituo njiani, na abiria waliliona jua likichomoza mara mbili kabla ya kufika. Zaidi ya 3,000 zilitengenezwa, na hakuna ndege nyingine ya aina ya mashua iliyowahi kutengenezwa kwa wingi huo.

Uvumilivu huo ndio uliozipa kazi. Tarehe 26 Mei 1941 Catalina ya kikosi namba 209, iliyoondoka Lough Erne katika Ireland ya Kaskazini, iliiona manowari ya Kijerumani Bismarck baada ya meli za Uingereza kuipoteza kabisa, na kesho yake Bismarck ikazamishwa. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Aprili 1942, Catalina ya kikosi cha Kanada namba 413 iliugundua msafara wa meli za Japani ukielekea Ceylon, ikawahi kutuma taarifa kabla ya kutunguliwa. Kazi ya kila siku, hata hivyo, haikuwa ya kishujaa namna hiyo. Ilikuwa kuzunguka juu ya bahari tupu, saa baada ya saa, kutafuta nyambizi.

Na bahari hiyo tupu haikuwa Atlantiki peke yake. Kufikia mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani na Japani zilikuwa zikizamisha meli katika Mlango wa Msumbiji na njia za kwenda India. Kikosi kilekile namba 209 kilichoiona Bismarck kilihamishiwa Afrika Mashariki na kuweka makao yake Kipevu, Mombasa. Kikosi namba 259 kilikuwa Dar es Salaam, namba 265 kilikuwa Diego Suarez huko Madagaska, na namba 262 kilikuwa Durban. Tarehe 20 Agosti 1943, Catalina za vikosi 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska. Hasara ya upande wa Washirika ilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 na kuzama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya baharini kuwahi kuwapata askari wa Kiafrika, ingawa shuleni hayasomwi sana.

Vita hivyo vya Bahari ya Hindi vilihitaji ndege na watu, na watu hao walipitia sehemu kama Oban. Kwanza rubani alijifunza kuruka kwa ndege ndogo, mara nyingi Kanada, Afrika Kusini au Rhodesia ya Kusini, kule ambako hakukuwa na ndege za adui na hewa ilikuwa safi. Kisha alipelekwa kwenye shule za ndege za majini za Uingereza, Killadeas kando ya Lough Erne au Alness na Invergordon kaskazini ya Uskoti. Huko ndiko watu waliofundishwa mahali mbalimbali walikofanywa kundi moja: marubani, mwongoza njia, waendesha redio, fundi wa injini na wapiga bunduki. Mwisho ndipo wakaja kwenye kikosi kama 302, wakakabidhiwa ndege, wakaipima inavyokula mafuta, wakasahihisha dira yake, na kuruka safari ndefu za kujipima juu ya bahari. Waliofuzu waliondoka wakipitia Gibraltar na Misri hadi Karachi, Ceylon au pwani ya Afrika.

Kwa hiyo watu 9 wa JX273 hawakuwa wanafunzi wa jana. Walikuwa katika hatua ya mwisho ya mafunzo, mlangoni mwa vita. Jambo hili hupotoshwa na neno lenyewe la mafunzo, linalomfanya msomaji afikirie kijana aliyeshika usukani kwa mara ya kwanza huku mwalimu akitetemeka kando yake. Zoezi la safari ndefu lilitofautiana na doria halisi kwa jambo moja tu, kwamba nyambizi haikutarajiwa. Upepo, ukungu, usiku na vilima vilikuwa vya kweli.

Ili kuelewa ni vipi ndege nzima yenye injini mbili huweza kukigonga kilima, inafaa kujua mwongoza njia wa mwaka 1944 alijuaje alipo. Satelaiti hazikuwapo. Njia yake kuu ilikuwa ileile ya manahodha wa kale: alianza mahali anapopajua, akashika uelekeo wa dira, akahesabu mwendo na muda, kisha akaweka alama kwenye ramani. Kama ndege imekwenda saa moja kwa mwendo wa kilomita 200, basi iko kilomita 200 mbele. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama hewa ingetulia. Lakini hewa husogea, na chochote kilicho ndani yake husogea nayo.

Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukiipiga ndege hiyo ubavuni, rubani hulazimika kuelekeza pua yake nyuzi zipatazo 14 upande wa joshi ili aende moja kwa moja. Mwongoza njia akikosea kuukadiria upepo kwa kilomita 30 kwa saa, na asipate nafasi ya kujisahihisha, baada ya saa mbili ndege itakuwa kilomita 60 upande wa demani kutoka alama iliyo kwenye ramani. Na penseli haitamwambia kitu. Ramani itaendelea kuonekana nadhifu.

Zilikuwapo njia za kujisahihisha. Waliweza kudondosha chelezo cha moshi mchana au cha moto usiku na kutazama kinavyopotea nyuma ya mkia, ili kupima ndege inasukumwa kwa kiasi gani. Waliweza kupima nyota kwa sekstanti, endapo mawingu yangeruhusu. Waliweza kuomba mwelekeo kwa redio kutoka vituo vya nchi kavu, jambo ambalo nidhamu ya vita ililibana. Rada ilikuwapo, na ilionyesha pwani vizuri kuliko ilivyoonyesha nyambizi, lakini mitambo ya wakati ule iliharibika kwa urahisi na kuisoma kulihitaji uzoefu. Minara ya taa, rafiki wa mabaharia wote, wakati wa vita ilizimwa au kupunguzwa mwanga isipokuwa pale ilipoombwa mahsusi.

Tatizo la pili lilikuwa mwinuko. Altimita ya ndege haipimi umbali wa kutoka kwenye ndege hadi ardhini. Hupima kanieneo ya hewa, kisha huitafsiri kuwa mita. Karibu na usawa wa bahari, kushuka kwa milibari moja ni sawa na mita 8 hivi. Ndege ikiondoka bandarini penye kanieneo kubwa na kuingia eneo la dhoruba ambako kanieneo imeshuka kwa milibari 10, altimita itaonyesha mita 80 zaidi ya ukweli. Rubani anayesoma mita 200 huenda yuko mita 120. Juu ya maji hilo halina madhara makubwa. Juu ya kisiwa ni habari nyingine.

Hapo jiografia ya Vatersay inapata maana yake. Kutoka Oban hadi kisiwani humo ni kilomita 140 hivi, mwendo wa Catalina wa dakika 40 na ushei. Ndege iliyokuwa ikirudi Oban kutoka Atlantiki ilitakiwa kupita kusini ya Barra Head, ncha ya mwisho ya visiwa, ambako kuna bahari wazi. Barra Head iko kilomita 15 tu kusini ya Vatersay, na kati yake vimepangana Sandray, Pabbay na Mingulay, chenye kilele cha mita 273. Kwa Catalina, kilomita 15 ni dakika nne na nusu. Mnara wa taa wa Barra Head, uliojengwa mwaka 1833, umewekwa juu sana, zaidi ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyohiyo hufunikwa na mawingu mara kwa mara. Tofauti kati ya kurudi salama na kugonga mwamba ilikuwa ndogo kuliko kosa la kawaida la mwongoza njia mzuri.

Kisa maarufu zaidi cha aina hii kilitokea miaka miwili kabla. Tarehe 25 Agosti 1942, ndege ya majini aina ya Sunderland, W4026 ya kikosi namba 228 cha Oban, iliruka kutoka Invergordon kuelekea Iceland ikiwa na watu 15, akiwamo mdogo wake Mfalme George wa Sita, Mwanamfalme George, Duke wa Kent. Ilitakiwa kufuata pwani. Nusu saa hivi baadaye ilikigonga kilima cha Eagle's Rock, eneo la Caithness, katikati ya ukungu. Watu 14 walikufa. Aliyenusurika ni mpiga bunduki wa mkiani. Uchunguzi wa jeshi uliamua kwamba ndege iliruka chini mno katika njia isiyo sahihi, na lawama ikawekwa juu ya rubani mkuu. Uvumi mwingi umetungwa tangu hapo, kuhusu siri za kijasusi na nani hasa alishika usukani, kwa kuwa watu huona vigumu kukubali kwamba ndugu wa mfalme aliuawa na ukungu.

Uamuzi wa kumlaumu rubani ulikuwa wa kawaida katika ripoti za wakati ule, na kwa maana finyu ulikuwa kweli: nahodha ndiye anayebeba dhamana ya chombo. Lakini hauelezi kitu. Vikosi vilivyopeleka mamia ya ndege juu ya visiwa vyenye vilima, katika moja ya sehemu zenye hali ya hewa mbovu kuliko zote Ulaya, taa zikiwa zimezimwa na redio imebanwa, vilijua kwamba baadhi ya ndege hizo zingegonga kitu. Vilima vya Hebrides, Skye, Mull na Ireland ya Kaskazini bado vina mabaki ya ndege za vita hivyo. Mabaki hayo si ya watu wazembe, ni ya mfumo uliokubali hasara.

Maji nayo yalikuwa na hatari zake, ambazo rubani wa ndege za nchi kavu hakuzijua. Bahari iliyotulia kama kioo, ambayo abiria huiona nzuri, ilikuwa adui wa kutua: jicho halioni uso wa maji, na rubani hawezi kujua kama amebakiza mita 20 au mbili. Alifundishwa kutoyaamini macho yake, kuiweka ndege katika mteremko mdogo usiobadilika na kungoja hadi itakapogusa yenyewe. Usiku alitua kwa kufuata mstari wa mashua chache zilizowashwa taa. Akigusa maji kwa pembe mbaya, ndege ilianza kurukaruka, kila mruko ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka pua ikachimba na kiwiliwili kikapasuka. Gogo moja linaloelea lilitosha kutoboa bati la chini. Walioponea pigo la kwanza walikabiliwa na maji ya baridi yaliyoingia kwa kasi.

Kwa namna hiyo, mafunzo yenyewe yalikuwa uwanja wa vita. Mpango wa pamoja wa Jumuiya ya Madola uliofundisha zaidi ya watu 130,000 wa angani nchini Kanada ulipoteza wanafunzi 856. Katika kikosi cha mabomu cha Uingereza, ambacho kilipoteza zaidi ya watu 55,000, zaidi ya 8,000 walikufa katika mafunzo na ajali zisizohusiana na mapigano. Marekani ilipoteza takriban watu 15,000 wa jeshi lake la anga katika ajali zilizotokea ndani ya nchi yao wenyewe, kabla hata ya kuvuka bahari. Familia zao zilipokea simu za maandishi zilezile walizopokea wengine.

Huko Heishival Beag, kwamba watu sita kati ya 9 walitoka hai ni jambo la kushangaza ukililinganisha na Caithness. Umbo la Catalina huenda lilisaidia: mwendo wake mdogo, na matangi ya mafuta yaliyokuwa juu ndani ya bawa, mbali na sehemu walipokaa watu wengi. Mabaki yake yaliteremshwa kutoka mlimani hadi karibu na ufuo ili yachukuliwe kwa njia ya bahari, kisha yakaachwa. Hakuna aliyekuwa na haja ya bati lililokunjamana wakati viwanda vya Marekani na Kanada vilikuwa vikitoa ndege mpya.

Bahari ya Hindi iliendelea kuzipokea nyingine. Siku tisa kabla ya ajali ya Vatersay, tarehe 3 Mei 1944, nyambizi ya Kijerumani U-852 ilikuwa imekwama pwani ya Somalia baada ya kushambuliwa na ndege za Wellington kutoka Aden, na baadaye tishio la nyambizi lilipungua. Kikosi namba 209 kiliondoka Kipevu mwaka 1945 kwenda Ceylon. Catalina nyingi za Uingereza zilikuwa za mkopo kutoka Marekani. Vita vilipokwisha, kwa masharti ya mkopo huo, ama zilirudishwa au zilivunjwa, na nyingine zikazamishwa baharini kwa makusudi.

Mabaki ya JX273 yangali Vatersay, vipande vya bawa na kiwiliwili kando ya kijito, pamoja na kibao cha kumbukumbu. Tangu mwaka 1991 kisiwa kimeunganishwa na Barra kwa barabara iliyojengwa juu ya maji, kwa hiyo wageni hufika kwa gari na kuyaona wakiwa njiani. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi, ni kosa kuchukua hata msumari mmoja bila kibali cha Wizara ya Ulinzi. Sheria hiyo inazihusu ndege zote za kijeshi zilizoanguka nchini humo, ziwe zilianguka zikipigana au zikijifunza.